Kutoka Jukwaani Hadi Chumba cha Ushauri Nasaha: Mwongozo wa Mwigizaji Anayebadili Kazi

Kila mwezi wasanii wawili watatu hunitafuta, na maswali yao hayatofautiani. Je, nimechelewa? Diploma inatosha au lazima digrii? Uigizaji wangu utanifaa darasani? Nitakula nini nikiwa masomoni? Nimeyajibu kwa simu na kwenye foleni ya matatu, hata msibani. Sasa nayaandika mahali pamoja.

Niliigiza miaka kumi na miwili. Mwanzo nilizunguka shule za sekondari na maigizo ya vitabu teule, baadaye nikaingia tamthilia za televisheni. Leo ni mshauri nasaha Nairobi. Mengi humu yanahusu Kenya kwa sababu ndiko nilikopitia. Pale njia ya Tanzania inapotofautiana nimeitaja, maana wenzetu wa huko, ambao kazi hii huiita unasihi, nao wananiuliza.

Neno moja kabla hatujaanza. Jukwaani ulizoea macho yote yawe kwako. Katika kazi hii macho yanahamia kwa aliyeketi mbele yako, na ukifanya kazi nzuri hakuna atakayejua isipokuwa yeye. Ikiwa jambo hilo linakuuma sana, kaa nalo kwanza. Ikiwa linakupa utulivu fulani, endelea kusoma.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Vyeti vyako vyote vya shule, nakala na asili. Kama umetumia jina la kisanii kwenye mikataba au cheti chochote, lisawazishe sasa. Usajili wa taaluma utafuata jina la kitambulisho.
- Akiba ya matumizi ya miezi sita, au kazi ndogo ya uhakika. Malipo ya tamthilia huchelewa, karo haichelewi.
- Saa zisizoguswa: angalau jioni tatu kwa wiki, au Jumamosi nzima.
- Mshauri wako mwenyewe. Ndiyo, wewe uwe mteja kwanza. Nitaeleza katika hatua ya pili.
- Daftari la mkono, la kwako peke yako, lenye mahali pa kufungiwa.
- Mtu mmoja nyumbani anayejua mpango mzima, pamoja na gharama za mpango huo.

Hatua ya 1: Amua unataka kuwa nani hasa

Watu husema "nataka kusomea saikolojia" kama vile ni kazi moja. Mshauri nasaha hukaa na watu wenye msiba, ndoa inayoyumba, uraibu, msongo wa kazi. Anaweza kuanza na diploma. Mwanasaikolojia wa ushauri na mwanasaikolojia wa kliniki kwa kawaida hufika shahada ya uzamili, na huyo wa kliniki hufanya vipimo na kutibu magonjwa ya akili kwa mazungumzo, mara nyingi hospitalini. Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari kwanza, ndiye anayeandika dawa. Kama una miaka thelathini na mitano na watoto wawili, njia mbili za mwanzo ndizo zinazopitika bila kuvunja nyumba.

Swali linalofuata huwa: "Na tiba ya maigizo je?" Ipo, na ina historia. Jacob Levy Moreno alianza kujenga saikodrama jijini Vienna zaidi ya miaka mia moja iliyopita, akiwaweka watu waigize maisha yao badala ya kuyasimulia tu. Marekani wana chama cha watabibu wa maigizo tangu 1979, na Uingereza jina la kazi hiyo linalindwa na sheria: huwezi kujiita hivyo bila kusajiliwa. Ushauri wangu ni huu: soma ushauri nasaha kwanza, upate leseni, kisha uongeze tiba ya maigizo juu yake.

*Onyo:* Usianze kuendesha "warsha za uponyaji kwa maigizo" kwa sababu tu unajua michezo ya kupasha mwili. Nimeona mtu akiombwa aigize kifo cha baba yake mbele ya watu ishirini, akavunjika, na aliyeendesha hakujua la kufanya baada ya hapo. Kufungua jeraha ni rahisi kwa msanii. Kulifunga kunasomewa.

Hatua ya 2: Jaribu kusikiliza kabla ya kulipa karo

Tumia miezi mitatu hivi. Kwanza, soma mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia wa Shirika la Afya Duniani, uliotolewa 2011. Upo pia kwa Kiswahili. Umejengwa juu ya vitenzi vitatu: tazama, sikiliza, unganisha. Hauhitaji siku nyingi kuusoma, na utakuonyesha mapema kwamba kazi hii ina mipaka.

Pili, jitolee. Befrienders Kenya huwafunza watu wa kawaida kuwasikiliza wenye mawazo ya kujiua. Kama uko mbali na Nairobi, uliza hospitali ya kaunti, kituo cha kurekebisha waraibu, au kanisa na msikiti wenye dawati la familia. Ukitoka zamu mbili tatu ukiwa umechoka lakini bado unataka kurudi, hiyo ni ishara njema kuliko alama zozote za mtihani.

Tatu, nenda kwa mshauri kama mteja, angalau vikao sita. Sisi waigizaji tuna maumivu mengi tuliyoyageuza kuwa mtaji wa kazi. Yule mzazi uliyemtumia kila ulipohitaji machozi kwenye kamera bado yuko ndani yako, na usipomshughulikia atakuja kukaa kwenye kiti cha mteja wako.

Hatua ya 3: Chagua kozi kwa macho makavu

Kenya, mlango wa kawaida wa digrii ni C+ ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Chini ya hapo ingia kwa diploma, na vyuo vikuu vingi vitakuruhusu kupanda kutoka hapo. Usione haya, baadhi ya wasikilizaji bora ninaowajua walianzia huko. Chuo Kikuu cha Nairobi, Kenyatta, Daystar na USIU-Africa vyote hufundisha saikolojia. Kwa vyuo vya kati, kituo cha ushauri nasaha cha Amani kimekuwa kikifundisha kazi hii kwa miaka mingi.

Tanzania, hakikisha chuo kikuu kinatambuliwa na TCU (tume ya vyuo vikuu) na chuo cha kati na NACTVET (baraza la elimu ya ufundi). Mwenye diploma huangaliwa GPA, yaani wastani wa alama, na kiwango cha kawaida cha kuingia digrii ni 3.0. Kama vyeti vyako vya sekondari havitoshi, Chuo Kikuu Huria kina kozi ya msingi iliyoanzishwa kwa ajili ya watu kama wewe, na unaweza kusoma huku ukifanya kazi. MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, hufundisha uzamili wa saikolojia ya kliniki.

Mwenye digrii ya sanaa za maonyesho huuliza kama anaweza kuruka moja kwa moja hadi uzamili. Vyuo vingine hukubali kwa ushauri nasaha, lakini watakudai masomo ya kuziba pengo kama saikolojia ya ukuaji na takwimu. Pata jibu kwa maandishi, usitegemee maneno ya mtu wa mapokezi.

Ukifika ofisi ya udahili, uliza manne haya kabla ya kutoa hata shilingi:

- Bodi ya usajili inaitambua kozi hii?
- Kuna saa ngapi za kukaa na wateja halisi?
- Nani atanisimamia, na ana wanafunzi wangapi?
- Je, mwanafunzi analazimika kupata ushauri wake mwenyewe?

Chuo kinachobabaika kwenye swali la pili na la tatu, ondoka. Na zile kozi za wiki sita mtandaoni zinazokupa cheti chenye muhuri wa dhahabu zinaweza kukufundisha kitu, ila hazikupi haki ya kupokea wateja.

Hatua ya 4: Panga pesa na ratiba

Hapa sitakaa sana. Mwambie mwelekezi wako mapema kwamba Jumamosi haupo, na iandikwe kwenye mkataba. Tafuta kazi za sauti, matangazo ya redio, mafunzo ya wafanyakazi. Zinalipa kwa saa, hazili wiki nzima.

Kuna kazi moja ningependa uitafute kwa bidii: kuigiza mgonjwa kwenye vyuo vya udaktari na uuguzi. Daktari Howard Barrows alianzisha mbinu hiyo Marekani mwaka 1963, akitumia watu waliofunzwa kuonyesha dalili ili wanafunzi wajifunze kuhoji. Nenda kwenye idara za mafunzo ujitambulishe. Utalipwa kwa ufundi ulio nao tayari, na utaonja kwa mwili wako jinsi inavyokuwa kukatizwa ukieleza maumivu, kumwona mtu akitazama saa ya ukutani, au kusikilizwa kweli. Mimi nilijifunza zaidi nikiwa kwenye kitanda hicho cha uongo kuliko katika muhula wa kwanza mzima.

Hatua ya 5: Maliza masomo, hata yale usiyoyapenda

Takwimu zitakutisha. Unda kikundi cha watu watatu, kutaneni kila Jumatano, fanyeni maswali kwa mkono kabla ya kugusa kompyuta. Andika insha zako kwa ukavu: mwalimu wa saikolojia hataki upambe, anataka useme umejuaje.

Nadharia chukua kidogo na uifanyie kazi. Kama ungeanza na moja, anza na Carl Rogers, ambaye mwaka 1957 aliandika juu ya masharti yanayomfanya mtu abadilike kwenye ushauri. Matatu kati yake ndiyo yanayofundishwa kila mahali: mshauri awe mkweli kwa nafsi yake, ampokee mteja bila masharti, na amwelewe kutoka ndani ya ulimwengu wa mteja. Lione hilo la kwanza vizuri. Ukweli kwa nafsi. Mwigizaji anaweza kuonyesha yale mengine mawili bila kuwa nayo, na mteja ataligundua, hata kama hatajua kulitaja.

Hatua ya 6: Acha kuigiza huruma

Hapa ndipo wengi wetu hukwama, kwa hiyo twende polepole.

*Uso.* Katika mafunzo tulirekodiwa kwa video tukishauriana wawili wawili. Mwalimu wangu alicheza mkanda wangu, akazima sauti, akauliza darasa: "Uso wa nani unafanya kazi zaidi?" Ulikuwa wangu. Nyusi zilipanda, midomo ilikaza, kichwa kiliinama kwa huzuni, na mwenzangu aliyekuwa akieleza kuhusu mimba iliyoharibika alikuwa ameanza kunitazama kama anayeniangalia kwenye runinga. Alikuwa ameacha kusema. Fanya zoezi hilo mapema: jirekodi dakika kumi, zima sauti, tazama. Kisha rudia huku ukiacha uso wako ufuate badala ya kuongoza.

*Kimya.* Jukwaani kimya kisichopangwa maana yake mtu amesahau mistari, na mwili wako umefunzwa kukiokoa. Kwenye chumba cha ushauri kimya mara nyingi ni mteja akiwa kazini. Vuta pumzi tatu kamili kabla ya kujibu jambo zito. Ya kwanza utaona ni ndefu mno. Kufikia ya tatu, mara nyingi mteja mwenyewe ameendelea, na alichosema ndicho alichokuja nacho.

*Mistari.* "Naelewa unavyohisi" ni mstari. Umeuandaa, unausema vizuri, na hauna mtu ndani yake. Sikiliza tofauti. Mteja anasema: "Tangu mama afariki sijaingia jikoni kwake." Mtaani tungemjibu: "Pole, jikaze, mipango ya Mungu." Pole iseme, maana kwetu kutosema pole ni ukatili. Iseme mara moja, kwa sauti yako ya kawaida, halafu bakia naye pale alipo: "Jikoni kwake..." Kisha nyamaza. Atakuambia kuhusu sufuria, au kanga iliyobaki msumarini, au ule ugomvi wa mwisho. "Jikaze" ingemfunga mdomo.

*Kumbukumbu za hisia.* Wengi tulifundishwa kuchota machozi kutoka kwenye maisha yetu, mbinu inayotokana na Stanislavsky. Kwenye kamera inafaa. Hapa ni hatari, kwa sababu ukimtumia mama yako ili umhurumie aliyefiwa na mama, kuanzia dakika hiyo unamlilia wako. Lile daftari sasa lina kazi. Baada ya kila zoezi chora safu mbili, moja "yake", nyingine "yangu", uandike kila hisia iliyopita na ilikuwa ya nani. Nilifanya hivi miaka miwili, na bado hulirudia ninapotoka kikaoni nikiwa nimelemewa.

*Kisa cha mteja.* Hakipandi jukwaani. Hakiwi skripti, wala monolojia, wala mfano mzuri kwenye mahojiano ya redio, hata ukibadilisha jina, mji na jinsia. Mji wetu ni mdogo na yeye atajitambua. Zaidi ya maadili, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na habari za afya ya mtu ni miongoni mwa zile zinazolindwa kwa ukali zaidi. Kama kisa kinakusumbua usiku, kipeleke kwa msimamizi wako.

Sasa yale unayokuja nayo ambayo wenzako darasani hawana, na usiyaache mlangoni. Unajua kusoma mwili: bega linalopanda, mguu unaotikisika mtu anapomtaja mumewe. Unajua kwamba chini ya maneno kuna maneno mengine. Sauti yako inaweza kushuka na kumtuliza mtu mwenye hofu. Umezoea kukosolewa mbele ya watu na kurudi kesho yake. Na unajua kuvua uhusika. Washauri wengi huchoka kwa sababu hubeba wateja hadi nyumbani; wewe ulikuwa ukimvua mhusika kila usiku. Tengeneza desturi kama ile: nawa mikono, taja jina lako kwa sauti, tembea dakika tano kabla ya kupanda gari.

Hatua ya 7: Mazoezi ya vitendo chini ya msimamizi

Omba nafasi miezi minne kabla. Hospitali, shule, vituo vya uraibu na ofisi za ustawi wa jamii hupokea wanafunzi, lakini nafasi ni chache. Weka kumbukumbu za saa zako siku hiyohiyo: tarehe, muda, aina ya tatizo, namba ya siri badala ya jina. Kuna mwenzetu aliyejaza fomu ya mwaka mzima wiki moja kabla ya kuiwasilisha. Haikukubaliwa, akaanza upya.

Kwa msimamizi peleka kikao kilichokuaibisha. Kile kilichokwenda vizuri hakimhitaji.

Jifunze pia mipaka ya siri na uwaeleze wateja dakika za kwanza: siri inaisha pale maisha ya mtu yako hatarini, mtoto anadhulumiwa, au mahakama imeamuru. Namba ya mtoto, Kenya na Tanzania, ni 116. Iweke kwenye simu yako leo.

Kisha jizoeze kuuliza swali hili kwa sauti, bila kunong'ona na bila kulipamba: "Umefikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, humpa ruhusa ya kulitua. Waigizaji hulisema kwa uzito wa tukio la mwisho la tamthilia, na mteja hujibu "hapana" ili kukutuliza wewe. Liseme kama unavyouliza amekula lini mara ya mwisho. Akijibu ndiyo, uliza kama ana mpango na kama njia ya kuutekeleza iko karibu naye. Usimwache peke yake, na mpigie msimamizi wako simu mteja akiwa bado chumbani. Kenya, wengi waliogopa kusema kweli kwa sababu jaribio la kujiua lilikuwa kosa la jinai chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Wateja wengi hawajasikia habari hiyo. Waambie.

Hatua ya 8: Jisajili

Tangu Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014, kufanya kazi hii Kenya bila usajili ni kuvunja sheria. Bodi iliyoundwa na sheria hiyo ndiyo inayosajili. Andaa vyeti, orodha ya masomo na alama, kumbukumbu za saa, na barua za wasimamizi. Jiunge pia na chama cha taaluma kama KCPA, chama cha washauri nasaha na wanasaikolojia wa Kenya; huko ndiko utakakopata mafunzo ya kuendelea na wenzako wa kuwauliza.

*Onyo:* Usiweke "mwanasaikolojia" kwenye kurasa zako za mtandao ukiwa bado mwanafunzi. Mwigizaji anayejulikana akijiita hivyo, watu huamini usiku huohuo na kuanza kukutumia ujumbe wa maumivu yao. Andika "mwanafunzi wa ushauri nasaha", na uweke namba za msaada za watu waliohitimu.

Hatua ya 9: Shughulikia jina lako

Kama ulionekana kwenye televisheni, baadhi ya wateja watakuita kwa jina la mhusika. Lizungumzeni mwanzoni kabisa. Mimi husema: "Huenda umewahi kuniona nikiigiza. Je, hilo linabadilisha chochote kwako kukaa nami hapa?" Halafu nasikiliza jibu. Mmoja aliniambia anaogopa nitamwigiza. Tulihitaji nusu saa kwa hilo, na ilikuwa nusu saa yenye thamani.

Usiwashauri wasanii uliofanya nao kazi. Watakuja, kwa sababu wanakuamini na kwa sababu wanadhani itakuwa bure. Wape majina ya wenzako watatu waliosajiliwa, na ubaki rafiki. Kwenye redio na televisheni usimpachike ugonjwa mtu maarufu ambaye hujawahi kukaa naye chumbani; watayarishaji watakuomba, tena kwa malipo. Na usiombe wateja wakusifu hadharani, hata wakitaka wenyewe.

Mambo yakienda kombo

*Nimelia kikaoni.* Jicho likilowa, hakuna ubaya. Mteja ameona yuko na binadamu. Kama ulilia hadi yeye akakufariji, liseme kwa msimamizi wiki hiyohiyo na uongeze vikao vyako mwenyewe. Kuna kitu kwenye safu ya "yangu".

*Wateja hawarudi baada ya kikao cha kwanza.* Hesabu, kwa rekodi uliyopewa idhini ya kuifanya, nani alizungumza zaidi. Ukizidi theluthi moja, punguza. Angalia pia nauli na saa ulizowapa: mama wa genge la mboga hawezi kuja saa nne asubuhi, na hilo halihusiani na ustadi wako.

*Mteja ananisifu na nasikia raha kama ya makofi.* Ni kawaida kwetu. Hatari inaanza unapoepuka kumwambia jambo gumu ili sifa zisikatike. Mkumbushe malengo mliyoandika kikao cha kwanza, na muulize yamefika wapi.

*Msimamizi wangu ananiponda.* Jiulize kama anakosoa kazi au anakudhalilisha. Mwelekezi mkali ulimvumilia kwa sababu onyesho lilikuwa na tarehe ya mwisho. Hapa utasimamiwa kwa miaka. Akikudhalilisha, omba chuo kikubadilishie, kwa barua.

*Kazi kubwa ya kuigiza imekuja katikati ya mazoezi ya vitendo.* Una wateja, na wengine waliwahi kuachwa. Kama lazima uende, wape notisi ya wiki nne, wakabidhi kwa mtu waliyekutana naye, na chuo kijue. Kutoweka ghafla kutakugharimu barua ya mapendekezo, na kutamgharimu mteja zaidi.

*Karo imekatika.* Usiache kimyakimya. Andika kuomba kuahirisha muhula, ili alama zako zibaki. Bodi za mikopo ya elimu ya juu, HELB upande wa Kenya na HESLB upande wa Tanzania, zina masharti yake; soma yale ya mwaka huu, usisikilize ya mwaka juzi.

*Nyumbani wanasema nimeshindwa kuigiza ndiyo maana.* Mama yangu alisema hivyo. Sikubishana naye. Siku moja jirani yake alifiwa na mtoto, akaniomba nikae naye hadi jioni. Nilikaa. Mama alikuwa akileta chai, akisikia jinsi nyumba ilivyokuwa kimya. Hakulirudia tena neno lile.

*Nimefika muhula wa tatu na sitaki tena.* Kamilisha cheti cha ngazi uliyopo kama umebakiza kidogo, kwani kitakufaa kwenye maigizo ya jamii na kazi za vijana. Kama bado kuna miaka miwili mbele na kila Jumatatu unaumwa tumbo, simama. Mteja anastahili mtu anayetaka kuwa pale.

*Nalikosa jukwaa.* Basi rudi, kwa kiasi. Igizo moja kwa mwaka, kwenye likizo, msimamizi akijua. Soma skripti ukimfikiria mteja wako dhaifu zaidi akikaa safu ya tatu; kama uhusika huo ungemwumiza, ukatae. Waambie wateja mapema kwamba utaonekana, wasije wakakukuta kwenye bango ghafla. Na siku ya onyesho usipange kikao hata kimoja, wala asubuhi inayofuata, kwa sababu sauti unayoamka nayo bado itakuwa ya mtu mwingine.